Kabla ya Kulifungia Gari Lako Supachaja au Tabo

Bonasi ya majani chai inapolipwa, gereji za Kericho, Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet hujaa kazi. Kuna wanaobadilisha matairi, kuna wanaoziba kutu kwenye bodi, na kuna wanaofika na ombi moja: "Fundi, hii pikapu yangu haina nguvu ya kupanda. Huwezi kunifungia tabo?"

Ombi hilo lina msingi. Majani mabichi hayangoji. Yakikaa muda mrefu kwenye mifuko hupata joto, hugeuka mekundu, na kiwanda kinaweza kuyakataa. Mwenye matatu naye hupoteza muda kwenye kila kilima, na kila dakika kwake ni pesa. Vijana wengine wanataka tu gari linaloondoka kwa kasi na kutoa mlio mzuri.

Jibu fupi ni hili: kifaa chenyewe hufanya kazi yake, lakini gharama yake hulipwa na injini ambayo haikuundwa kukibeba, pamoja na klachi, breki na hata bima. Makala haya yanaeleza sababu, ili mwenye gari aamue akijua anachokinunua.

KWA NINI GARI HUCHOKA HUKU JUU

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kila pistoni inaposhuka, silinda hujaa hewa ya ujazo uleule, lakini hewa hiyo ni nyepesi na oksijeni iliyomo imepungua kwa karibu sehemu moja kwa tano.

Mafuta hayawezi kuungua bila oksijeni. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa ikipungua, mafuta yanayoweza kuungua hupungua pia, na nguvu hushuka. Gari lisilo na tabo ambalo likiwa Mombasa lina nguvu za farasi 100, likifika Kericho hubaki na karibu 80. Likipanda zaidi kuelekea Mau Summit, hupungua tena.

Kwa hiyo gari kuchoka kidogo katika maeneo yetu ya chai si ishara kwamba ni bovu. Ni hali ya mahali tunapoishi.

KIFAA HIKI HUFANYA NINI

Aliyewahi kuingia kwenye kiwanda cha chai ameona boila ya kuni. Feni ikipuliza hewa kwenye tanuri, kuni huwaka kwa ukali na mvuke huongezeka. Supachaja ni feni ya namna hiyo kwa injini. Badala ya kuiacha injini ivute hewa yenyewe, supachaja huisukumia hewa kwa nguvu. Hewa ikizidi, mafuta huongezwa, na nguvu hupanda.

Wazo hilo ni la kale. Ndugu wawili Wamarekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu ya hewa ya aina hii mwaka 1860, kabla ya magari ya petroli kuwapo, na pampu hizo zikatumika kupuliza hewa kwenye matanuri ya kuyeyusha chuma. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya mtambo unaoendeshwa na moshi wa injini, ambao leo tunauita tabo. Baadaye ndege zilitumia vifaa vya aina hizi mbili ili injini zisikose hewa angani. Tatizo lao lilikuwa sawa na letu la kilimani.

Tofauti ya vifaa hivi ni chanzo cha nguvu inayovizungusha. Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki ya injini, kwa hiyo hula sehemu ya nguvu ya injini kabla ya kurudisha nyingine kubwa zaidi. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka. Haina mkanda, lakini hufanya kazi katika joto kali, na ekseli yake ndogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Yote mawili huongeza shinikizo ndani ya silinda, na hapo ndipo matatizo huanzia.

INJINI MBILI ZINAZOFANANA KWA JINA

Watu wengi husema: "Mbona kuna magari yanayotoka kiwandani yakiwa na tabo na yanadumu?" Ni kweli. Lakini mtengenezaji anayeweka tabo kiwandani habandiki tabo kwenye injini ya kawaida. Hubadilisha injini yenyewe.

Mfano mzuri ni Land Cruiser, gari ambalo halina mgeni katika kaunti hii. Toyota iliunda injini mbili za dizeli za lita 4.2 zenye silinda sita. Ya kwanza, 1HZ, haina tabo. Ya pili, 1HD-T, ina tabo. Ukizitazama kwa haraka utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Ndani, hata hivyo, mambo ni tofauti. Injini ya 1HZ hubana hewa kwa uwiano wa 22.4 kwa 1, na mafuta yake huanza kuungua kwenye chumba kidogo kilicho juu ya silinda. Injini ya 1HD-T hubana kwa uwiano wa 18.6 kwa 1 tu, na mafuta hunyunyizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Wahandisi walipunguza mbano kwa makusudi, kwa sababu tabo ingeongeza mbano wake.

Mtu anayefunga tabo kwenye 1HZ bila kubadilisha kitu kingine anaweka mbano juu ya mbano. Joto hukusanyika kwenye vyumba vile vidogo, na hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, inaweza kupata ufa.

Hali ni hiyohiyo kwa magari ya petroli. Probox nyingi zinazobeba watu na mizigo barabarani mwetu zina injini ya lita 1.5 iitwayo 1NZ-FE, ambayo hubana kwa uwiano wa 10.5 kwa 1. Uwiano huo ulichaguliwa ili gari lisilo na supachaja litumie mafuta kidogo. Kwa injini inayosukumiwa hewa, uwiano huo ni wa juu mno isipokuwa shinikizo linaloongezwa liwe dogo na mafuta yapangwe upya kwa uangalifu mkubwa.

KINACHOHARIBIKA NDANI YA INJINI

Joto la hewa. Hewa ikibanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Tuseme ni asubuhi yenye nyuzi 20. Supachaja ya kawaida ikiizidisha hewa shinikizo mara moja na nusu, hewa hiyo inaweza kuingia kwenye injini ikiwa na nyuzi karibu 80. Hewa ya moto hubeba oksijeni pungufu na huikaribisha injini kwenye hatari inayofuata. Ndiyo maana magari ya kiwandani huwekewa redieta ndogo ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Vifaa vingi vya bei nafuu huuzwa bila redieta hiyo.

Mwako usio wa wakati wake. Katika injini ya petroli, plagi ndiyo inayopaswa kuwasha moto, na moto huo usambae kwa utaratibu. Shinikizo na joto vikizidi, mafuta yaliyobaki pembeni hulipuka yenyewe kabla moto haujayafikia. Utasikia mlio kama kokoto ndani ya debe unapokanyaga mafuta kilimani. Kila mlio ni pigo juu ya pistoni. Mapigo hayo huvunja pete za pistoni, hutoboa pistoni, na huponda beringi. Kwa kuwa injini yenye kelele nyingi huficha mlio huo, wenye magari wengi huujua baada ya injini kunoki.

Upungufu wa mafuta. Hewa ikiongezeka, mafuta lazima yaongezeke kwa kipimo. Nozeli na pampu ya petroli zilizokuja na gari zina kikomo chake. Zikishindwa kufikisha mafuta ya kutosha, mchanganyiko huwa mkavu na joto hupanda. Alumini, madini ya kutengenezea pistoni, huyeyuka kwenye nyuzi karibu 660, ilhali gesi inayoungua ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000. Kinachoiokoa pistoni kila siku ni oili, maji ya redieta na kipimo sahihi cha mafuta. Ukiharibu kipimo, unaondoa moja ya ngao hizo.

Kwa dizeli kosa huwa la upande wa pili. Fundi hufungulia pampu ili mafuta mengi yaingie, na gari hutoa moshi mweusi. Wengine husifu moshi huo kama dalili ya nguvu. Ukweli ni kwamba moshi mweusi ni dizeli uliyolipia ikitoka bila kuungua vizuri, na kwenye injini ya dizeli mafuta yakizidi hewa, joto la moshi hupanda na kuchoma vali, pistoni na tabo yenyewe.

Gasketi na boliti za hedi. Shinikizo la ziada husukuma hedi kuelekea juu kila silinda inapowaka. Gasketi iliyochoka hupasuka, maji huingia kwenye oili, na oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Magari mengi tunayonunua yametumika miaka kadhaa nje ya nchi kabla hayajafika hapa. Injini ya namna hiyo haina tena uthabiti iliyokuwa nao ikiwa mpya.

Oili na moto. Tabo hupata oili kutoka kwenye injini. Oili ikiwa chafu au ikichelewa kubadilishwa, ekseli ya tabo hukwaruzika kwa muda mfupi. Paipu ya oili iliyounganishwa vibaya ni hatari zaidi: tone la oili likiangukia sehemu ya tabo iliyopata moto mkali, gari linaweza kushika moto.

Vumbi. Barabara nyingi za mashambani kwetu ni za murram. Mtu akifunga chujio cha hewa cha wazi kwa ajili ya mlio, vumbi la wakati wa kiangazi huingia, na supachaja huvuta hewa nyingi kuliko injini ya kawaida. Vumbi hilo husaga mapanga ya supachaja kwanza, kisha silinda.

MTEGO WA KILIMA NA MTEREMKO

Kuna hatari moja ambayo ni yetu zaidi kuliko ya wakazi wa pwani.

Chukua mfano wa pikapu iliyofungiwa supachaja ya mkanda mjini Kericho. Supachaja hiyo imepangwa kuzidisha shinikizo mara moja na nusu. Tukichukua hewa ya Mombasa kuwa 100, ya Kericho ni 80, na supachaja huifikisha 120. Gari linajaribiwa kwenye vilima vya hapa, linapanda vizuri, halitoi mlio wowote mbaya, na mwenyewe anarudi nyumbani akiwa ameridhika.

Wiki inayofuata pikapu hiyo inateremka kupitia Kapsoit na Kipsitet hadi Awasi, Ahero na Kisumu, mji ulio karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nzito zaidi, karibu 87, na supachaja ileile huifikisha 130. Ikipelekwa Mombasa, hufikisha 150. Mkanda haujabadilishwa, fundi hajagusa kitu, lakini injini inabeba mzigo mkubwa kuliko ule uliopimwa Kericho, tena katika joto kali zaidi. Injini iliyonyamaza hapa huanza kugonga huko.

Tabo yenye vali ya kupunguza shinikizo hudhibiti jambo hilo vizuri zaidi. Hata hivyo, huku juu hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo lilelile, na tabo ndogo ya bei nafuu inaweza kuzidishwa mwendo hadi ikavunjika. Vipande vyake vinaweza kuvutwa hadi ndani ya injini.

Fundi aliyepima gari mahali pamoja tu hajamaliza kulipima.

NJE YA INJINI: KLACHI, GIABOKSI NA BREKI

Nguvu ya ziada haiishii kwenye injini. Hupitia klachi, giaboksi, shafti na difu hadi kwenye magurudumu. Klachi iliyotengenezwa kwa nguvu za farasi 100 huanza kuteleza ikipewa 140, hasa gari likiwa na mzigo na likianza kupanda. Baada ya klachi hufuata meno ya giaboksi.

Breki ndizo zenye uzito zaidi, kwa sababu zinahusu maisha ya watu. Supachaja haiongezi hata chembe ya breki. Gari likienda kilomita 80 kwa saa badala ya 60, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa karibu asilimia 78. Kwenye mteremko mrefu, breki zikifanyishwa kazi kupita uwezo wake hupata moto na huacha kushika. Ongeza mvua yetu ya alasiri na tope la magari ya majani kwenye lami, na nafasi ya kurekebisha kosa hubaki ndogo sana.

Wakazi wa Kericho hawahitaji kukumbushwa maana ya gari lisilosimama. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilipata ajali Fort Ternan na zaidi ya watu 50 wakafariki. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliwagonga wafanyabiashara, wasafiri na magari katika makutano ya Londiani, na zaidi ya watu 50 wakafariki tena. Hatuzitaji ajali hizo kwa kuwa magari hayo yaliongezewa nguvu. Tunazitaja kwa kuwa zilitokea kwenye barabara zilezile ambazo gari lako litapita, na wengi waliofariki Londiani hawakuwa wakisafiri. Walikuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara.

Jambo lingine: gari kupata nguvu zaidi hakuongezi uzito linaoruhusiwa kubeba. Chesi, springi, ekseli na matairi yamebaki vilevile. Pikapu inayopanda kilima kwa urahisi ikiwa imezidishiwa mzigo ndiyo hiyohiyo itakayoshuka upande wa pili.

SHERIA NA BIMA

Usajili na ukaguzi wa magari si kazi ya serikali ya kaunti. Ni jukumu la Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari kuijulisha mamlaka mabadiliko yanayofanya maelezo ya usajili yasiwe sahihi. Ukibadilisha injini, kwa mfano, namba ya injini kwenye logibuku haitalingana tena na iliyo kwenye gari. Sheria hiyohiyo inataka gari lolote lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Kwa hiyo waulize NTSA kabla ya kufunga, na omba jibu kwa maandishi.

Magari ya abiria na ya kibiashara hukaguliwa kila mwaka na mwendo wake haupaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Mwenye matatu anayefunga supachaja ananunua kasi ambayo sheria haimruhusu kuitumia. Anayekata waya wa kidhibiti mwendo ili aitumie anavunja sheria mara ya pili.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima chini ya Sura ya 405. Mkataba wowote wa bima hutegemea ukweli: kampuni hukadiria hatari kwa maelezo uliyotoa. Ukilibadilisha gari kwa namna inayoongeza hatari na usiseme, kampuni inaweza kukataa kulipa hasara ya gari lako. Katika ajali yenye majeruhi, unaweza kujikuta ukidaiwa mwenyewe. Wengi wangeweza kulipia injini iliyokufa kwa taabu. Fidia ya familia iliyopoteza mtu inaweza kuondoa shamba lote la chai.

ANZA NA HAYA

Gari likikosa nguvu, mara nyingi sababu ni ndogo na nafuu. Kabla ya kufikiria supachaja, mwombe fundi aangalie mambo yafuatayo:

1. Chujio la hewa na chujio la mafuta. Kwenye barabara za vumbi huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

2. Plagi na koili kwa gari la petroli; nozeli na pampu kwa gari la dizeli.

3. Mbano wa kila silinda. Kipimo hiki huchukua muda mfupi na huonyesha afya ya injini. Silinda moja ikiwa chini sana ya nyingine, injini inahitaji matengenezo, na kuiongezea hewa ni kuimaliza.

4. Breki zinazoshika wakati hujakanyaga. Gusa rimu baada ya safari fupi, kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, gari linaburuta breki.

5. Klachi inayoteleza na matairi yenye upepo mdogo.

6. Uzito wa mzigo. Safari mbili zenye mzigo halali mara nyingi ni nafuu kuliko safari moja inayovunja springi.

7. Matumizi ya gia. Teremsha gia mapema kabla injini haijalemewa, na tumia gia ya chini pia unaposhuka ili injini isaidie breki.

Iwapo gari ni zima na bado halitoshi kwa kazi yako, huenda ulinunua gari dogo kwa kazi kubwa. Kuliuza na kutafuta lenye tabo ya kiwandani kunaweza kugharimu kidogo kuliko supachaja, klachi mpya, redieta kubwa, breki kubwa na injini ya pili baada ya ile ya kwanza kunoki. Injini yenye tabo ya kiwandani haipotezi nguvu nyingi kilimani, na sehemu zake zote zilipimwa pamoja.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

Anayeamua kuendelea ana haki ya kupata majibu kamili. Uliza:

- Je, umepima mbano wa silinda zote, na matokeo ni yapi?
- Shinikizo litakaloongezwa ni kiasi gani hapa Kericho, na litakuwa kiasi gani Kisumu na Mombasa?
- Nani atapanga upya kompyuta ya gari, na atapima vipi kipimo cha hewa na mafuta?
- Nozeli na pampu zitatosha? Kama hazitoshi, utaweka zipi?
- Kuna redieta ya kupoza hewa?
- Utafanya nini kuhusu klachi na breki?
- Una cheti cha majaribio ya ufundi kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA? Injini ikiharibika, makubaliano yetu yanasemaje?

Fundi anayejua kazi hataudhika kwa maswali haya. Anayejibu "usijali, tumefungia wengi" hajajibu.

KAMA TAYARI UMEFUNGA

Usingoje injini ilie. Tumia oili ya daraja linalopendekezwa kwa injini za tabo na uibadilishe mapema kuliko zamani. Baada ya kupanda mlima mrefu, iache injini ya tabo ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili iendelee kuipoza. Funga kipimo cha shinikizo na cha joto mahali unapoviona. Angalia maji ya redieta kila asubuhi kabla ya kuwasha gari.

Ukisikia mlio wa kokoto, ukiona moshi wa buluu au mweusi mzito, maji yakipungua bila kuvuja, au harufu ya oili inayoungua, ondoa mguu kwenye mafuta, simamisha gari mahali salama na usiliendeshe tena hadi likaguliwe. Pistoni moja ikiokolewa kwa kuwahi, injini nzima huokolewa.

Kwa vijana wanaopenda ufundi huu, upendo huo si kosa. Vyuo vya ufundi vya kaunti hufundisha umekanika wa magari, na kijana anayejifunza kupima mbano, kusoma kompyuta ya gari na kutengeneza breki atapata kazi kwenye kila kituo cha majani chai. Wateja wake watakuwa wale wanaotaka pikapu zao zifike kiwandani leo, kesho na msimu ujao.